Rangi Juu ya Ukungu: Eastlands, Nani Huwa Anaadhibiwa?

Wasee, leo tuanze na ukuta.

Keja yangu ya kwanza ilikuwa bedsita Umoja, ghorofa ya pili, dirisha linaangalia dirisha la jirani. Ukinyoosha mkono unaweza kumwomba chumvi. Mvua ndefu ilipofika, kona iliyo juu ya kitanda ikaanza kuwa nyeusi. Kwanza vidoa vidogo kama pilipili manga, halafu ikawa ramani nzima. Godoro likanuka, nguo zikanuka, na mimi nikaanza kukohoa usiku.

Nikamwambia msimamizi wa ploti. Akaleta fundi. Fundi akaangalia ukuta kama sekunde kumi, akasema, "Hiyo ni maji tu, boss," akapaka rangi nyeupe, akaenda zake. Wiki sita baadaye ramani ilikuwa imerudi, mipaka ile ile. Fundi akaitwa tena, akapaka tena. Siku ya kuhama, landilodi alikata pesa ya rangi kwenye dipositi yangu. Ati mimi ndiye nimeharibu ukuta.

Sasa hebu hesabu. Bomba lilikuwa linavuja ndani ya ukuta, si mimi niliyeliweka. Nyumba haikuwa na hewa, si mimi niliyeijenga. Fundi alifunika ugonjwa badala ya kuutibu, mara mbili. Katika watu wote hao, aliyeadhibiwa ni mmoja tu: mpangaji.

Nilidhani ni bahati yangu mbaya. Halafu nikaanza kusoma historia ya mitaa yetu, nikaona hiyo si bahati. Ni desturi, na ina zaidi ya miaka 100.

Lakini kabla turudi nyuma, ujue kwamba kuna mahali pengine duniani fundi kama yule angekuwa mashakani. Katika jimbo la Texas, Marekani, familia moja ilishtaki kampuni ya bima kwa sababu ya nyumba iliyojaa ukungu, na mwaka wa 2001 baraza la mahakama likaamua walipwe dola milioni 32. Rufaa ilipunguza hizo pesa sana, lakini nchi nzima ilikuwa imeshtuka. Mwaka wa 2003 Texas ikapitisha sheria: anayepima ukungu awe na leseni, anayeuondoa awe na leseni, na kwenye kazi moja mtu mmoja asifanye zote mbili. Yaani anayesema "hapa kuna shida" si yule anayelipwa kuitoa, na anayeitoa si yule anayesema "imeisha." Ukivunja masharti kuna onyo, kuna faini, kuna kusimamishwa, na mwisho kabisa leseni inafutwa. Na majina ya walioadhibiwa yanawekwa hadharani, mtu yeyote ayasome.

Fundi wangu alipima kwa macho, akaondoa kwa brashi, akajithibitishia mwenyewe kwamba kazi imeisha. Kazi tatu, mtu mmoja, sekunde kumi. Na hakuna kitu ungemnyang'anya. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo naelewa vizuri sana maana ya kutokuwa na cheti: hakuna anayeweza kukunyang'anya. Adhabu ya kitaaluma inahitaji kitu kimoja kabla ya yote, nacho ni jina kwenye daftari. Kama jina halipo, hakuna cha kufuta.

Haya, turudi Nairobi tuone ni majina ya nani yaliandikwa kwenye daftari, na ni ya nani hayakuandikwa.

Mwaka wa 1902 mji huu ulikuwa bado mchanga kabisa, reli ilikuwa imefika 1899 tu. Tauni ikazuka kwenye soko la Wahindi. Nyumba zilikuwa zimebanana, maji machafu hayana pa kwenda, panya wako kila mahali. Jibu la serikali? Soko likachomwa moto. Walioliacha likabanana hivyo bila mitaro hawakuchomewa chochote. Mwaka wa 1913 akaletwa profesa kutoka Uingereza, anaitwa Simpson, kuchunguza afya ya miji yetu. Akapendekeza watu watenganishwe kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na sababu iliyoandikwa ilikuwa afya. Unaona mchezo? Uchafu ukapewa rangi ya ngozi. Shida haikuwa mtaro uliokosekana, shida ikawa wewe unayeishi karibu nao.

Eastlands ilizaliwa kwenye mawazo hayo. Pumwani ikatengwa kuwa mahali pa Waafrika. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha zamani cha Pangani kikabomolewa na watu wakasukumwa upande huu, Shauri Moyo ikajengwa. Jina lenyewe linakuambia watu walijisikiaje: hiyo ni shauri ya moyo wako, utaamua mwenyewe. Miaka ya 1940 ikaja Kaloleni, iliyojengwa kwa mikono ya wafungwa wa kivita kutoka Italia. Ukipita Kaloleni leo bado utaona nafasi kati ya nyumba, miti, uwanja. Mkoloni hakuwa rafiki yetu, lakini aliyechora Kaloleni alijua kwamba ukuta unahitaji kupumua.

Katikati ya hayo kuna tarehe mbili nataka uziweke kichwani.

Ya kwanza ni 1921. Mwaka huo ikaja Sheria ya Afya ya Umma, ambayo mpaka leo tunaitumia ikiwa na viraka vyake. Inasema nyumba iliyo katika hali ya kuhatarisha afya ni kero, na ofisa wa afya anaweza kutoa ilani iondolewe. Na sikiza hapa: kama kero inatokana na kasoro ya jengo lenyewe, ilani inaenda kwa mwenye nyumba. Si kwa mpangaji. Yaani karne nzima iliyopita sheria ilishajibu lile swali la dipositi yangu. Shida ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa ameniambia.

Ya pili ni 1934. Hapo ndipo Kenya ilipata bodi ya kusajili wasanifu majengo na wakadiriaji wa gharama za ujenzi. Kwa mara ya kwanza kukawa na daftari. Jina lako likiwa ndani unaruhusiwa kuchora jengo na kujiita kwa cheo hicho, ukiharibu linaweza kutolewa. Mainjinia nao wakapata sheria yao ya usajili baada ya uhuru, ikafanywa upya 2011. Kwenye makaratasi tuko sawa kabisa. Onyo lipo, kusimamishwa kupo, kufutwa kupo.

Lakini daftari linamgusa tu aliyeandikwa ndani yake. Na Eastlands tunayoishi sisi kwa sehemu kubwa imejengwa nje ya daftari.

Angalia vile ilikuwa. Miaka ya 1970 serikali ilijaribu: Umoja kwa pesa za Marekani, Buruburu ya watu wa mshahara, Dandora kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambapo watu walipewa viwanja vyenye maji na choo wajenge polepole wenyewe. Zilichorwa zikiwa nyumba za chini, zenye ua. Halafu mji ukajaa, kodi ikawa tamu, na kila aliyekuwa na kiwanja akaanza kupanda juu. Ghorofa mbili, nne, saba. Ua ukawa ngazi. Dirisha likawa ukuta wa jirani. Pipeline, Tassia, Huruma, Kayole, sehemu nyingine jua linafika chini saa sita mchana tu, likikumbuka. Sasa weka hapo watu wanne chumba kimoja, wanapika ndani, wananing'iniza nguo ndani kwa sababu kamba za nje zina wezi. Huo mvuke utaenda wapi? Unaenda ukutani. Ukungu hauletwi na uchafu wa mama yako. Unaletwa na maji yaliyokosa njia ya kutoka.

Na maji yakikosa njia huwa hayaishii kwenye rangi.

Usiku wa 29 Aprili 2016, mvua kubwa, jengo la ghorofa likaanguka Huruma, kando ya mto. Karibu watu 50 walikufa. Mtoto mchanga alitolewa akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu chini ya vifusi, na nakumbuka mtaa mzima tukiangalia ile habari kwenye simu moja. Baadaye ikasemwa hadharani kwamba jengo lilikuwa limeshatambuliwa kuwa hatari, lilikuwa limewekwa alama libomolewe. Na watu walikuwa bado wanalipa kodi ndani yake. Wamiliki walikamatwa wakafikishwa kortini.

Sawa, wamiliki. Lakini tuulize kama watu wazima. Nani alichora? Nani alipima udongo wa pale mtoni? Nani alisimamia zege? Nani alijua kuhusu ile alama akaenda nyumbani kulala? Jengo la ghorofa halijengwi na mtu mmoja. Unaweza kumfunga landilodi, na akistahili afungwe, lakini fundi yule yule kesho asubuhi yuko ploti nyingine na mwiko wake ule ule. Hiyo ndiyo tofauti ya jela na kufutwa kwenye daftari. Jela inaangalia maiti walio nyuma. Daftari linaangalia wapangaji walio mbele.

Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Januari 2006 jengo lilianguka Nyamakima likiwa bado linajengwa. Mwaka wa 2011 bunge likapitisha sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ile tunaita NCA. Desemba 2019 jengo likaanguka Tassia. NCA inasajili makontrakta kwa madaraja, NCA 1 mpaka NCA 8, na inaweza kuwasimamisha au kuwafuta. Na jambo ambalo wengi hawajui: inasajili pia mafundi stadi na wasimamizi wa mjengo. Daftari la mafundi lipo. Msee wa rangi, msee wa mabomba, wanaweza kuwa na kadi.

Nikamuuliza fundi mmoja wa mtaani kama anayo. Akacheka. "Kadi ya nini? Landilodi huuliza bei, haulizi kadi."

Hapo ndipo kuna ukweli wote. Daftari bila mtu wa kuuliza ni kitabu tu.

Najua mtasema nini. Mtasema mkileta leseni ya ukungu Kenya itakuwa njia nyingine ya kula hongo, na fundi maskini ndiye atakamatwa huku kampuni kubwa zikipita. Ni kweli inaweza kuwa hivyo. Mimi pia sitaki kuona kanjo wakimkimbiza msee mwenye brashi moja pale Mutindwa. Lakini si lazima tuanze na leseni mpya. Lile wazo la Texas la kutenganisha mpimaji na mtengenezaji halihitaji pesa nyingi. Maofisa wa afya ya umma tunao, na tangu 2013 wana sheria yao ya usajili na baraza linaloweza kuwaadhibu. Wao wapime. Fundi atengeneze. Wao warudi waangalie kama imeisha, waandike jina lao. Ofisa akisaini ukuta uliopakwa rangi juu ya ukungu, hapo sasa kuna jina, na kuna cheti cha kunyang'anywa.

Uingereza walijifunza hilo kwa uchungu. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, mzaliwa wa wazazi Wasudani, alikufa Rochdale kwa sababu ya ukungu ndani ya nyumba ya kukodi. Babake alikuwa amelalamika kwa miaka. Walimwambia apake rangi. Umesikia? Apake rangi, kama kwetu tu. Lakini mchunguzi wa vifo alisema wazi mwaka wa 2022 kilichomuua, mkubwa wa shirika lile la nyumba akapoteza kazi, na 2023 ikapitishwa sheria inayobeba jina la huyo mtoto, inayowalazimisha wenye nyumba za umma kushughulikia ukungu kwa muda maalum.

Wao walibadilisha sheria kwa jina la mtoto mmoja. Sisi Huruma tulizika karibu 50, na sijui kama mtu wa rika langu anaweza kutaja jina la hata mmoja.

Kwa hivyo fanya hivi. Ukiona ukungu, piga picha yenye tarehe kabla rangi haijaguswa. Andika malalamiko, si kupiga simu tu. Nenda kwa ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yako, na ukifika usiulize "mtanisaidia?" Uliza "ofisa anayeshughulikia ni nani, na namba yake ya usajili ni ngapi?" Fundi akija, muulize kadi kwa heshima. Na landilodi akitaka kukata dipositi, mkumbushe kwamba tangu 1921 kasoro ya jengo ni ya mwenye jengo.

Miaka 100 na zaidi wametujua sisi kwa majina. Kwenye kipande, kwenye risiti ya kodi, kwenye orodha ya wanaofukuzwa. Ni zamu yetu kuuliza majina yao.