Thamani ya Mchezo wa Bao

Tangu kale watu wa pwani yetu wameucheza mchezo wa bao. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, aliutungia shairi. Nao wazee wa Likoni na Kisauni wangali wakiucheza barazani. Ubao wake una mashimo 32, na kete ni 64. Wachezaji huanza kwa namua, kila mmoja akiingiza kete 22 za mkononi, moja baada ya moja. Zikiisha huja mtaji.

Siku hizi vijana wengi hupima thamani ya mchezo wa video kwa saa za kuumaliza. Lakini hadithi yake ikishajulikana, mchezo huwekwa kando, hata ukiwa mrefu. Tetris, uliobuniwa Moscow mwaka 1984, hauna hadithi, na ungali ukichezwa.

Bao nalo laweza kwisha upesi, ila halichoshi, kwa kuwa kila mpinzani huja na akili yake. Tena halina dadu: aliyefungwa hawezi kuilaumu bahati, bali hurudi kulitafuta kosa lake.

Basi urefu si kipimo. Mchezo wenye thamani ni ule ambao kila ukirudiwa humzidishia mchezaji maarifa. Usiomzidishia kitu humlia siku zake bure.