Utamaduni wa Kazi Haubandikwi Ukutani

Wiki waliyobandika bango la "Maadili Yetu" ukutani ndiyo wiki dada wa kupokea simu aliacha kazi.

Kampuni siitaji jina. Ni ya programu ya simu, iko mjini, na mimi nilikuwa navuka daraja la Nyali kila asubuhi kutoka huku Junda kwenda kuwahariria video. Tulianza watu sita, chumba kimoja. Saa nne mahamri na mbaazi ziko mezani, kila mtu anasema mteja gani kamlalamikia nini. Dada wa simu ndiye aliyeongea zaidi, manake ndiye aliyetukanwa zaidi, na vitu vingi tulivyorekebisha vilitoka kinywani mwake.

Mwaka mmoja baadaye tuko arobaini na kitu. Saa nne hakuna anayekaa na mwenzake. Malalamiko yanajazwa kwa fomu, fomu inaenda kwa meneja, na meneja hajawahi kupokea simu ya mteja hata siku moja. Halafu likaja bango. Neno la kwanza, kwa herufi kubwa: KUSIKILIZA.

Nikajiuliza, yaani lazima iwe hivi kampuni ikikua? Nikaenda kusoma historia ya kampuni ambayo sote tumeiona ikikua. Safaricom.

Rudi nyuma mpaka mwaka 2000. Vodafone ya Uingereza imeingia kama mshirika wa Telkom Kenya, na Michael Joseph ameletwa kuongoza. Wateja hawafiki 20,000. Mshindani wao, Kencell, anatoza kwa dakika, kwa hivyo ukiongea sekunde kumi umelipa dakika nzima. Safaricom wakaamua kutoza kwa sekunde. Kwa mtu anayekwangua kadi kwa pesa za mboga, hiyo ndiyo tofauti ya kupiga simu na kuflashi. Joseph alipoachia usukani mwaka 2010, wateja walikuwa wamepita milioni 16.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha 2005. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walikuwa na wazo la kumsaidia mkopaji mdogo alipe mkopo kwa simu. Oktoba mwaka huo wakaanza kulijaribu na Faulu Kenya: maduka manane ya mawakala, wateja kama 500. Jina likawa M-Pesa.

Watu wakaipokea, wakaitumia wanavyotaka wao. Kuna waliotumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Kuna walioweka pesa mwanzo wa safari na kuzitoa wakifika, wasije wakaibiwa njiani. Kuna waliowanunulia kredo ndugu zao walio mashambani. Mambo ya mkopo yakabaki nyuma.

Hapo timu ingeweza kusema, "Jamani, mnaitumia vibaya." Hawakusema hivo. Mambo ya mkopo yakawekwa kando, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa Kenya nzima na ujumbe mmoja tu: tuma pesa nyumbani. Kabla mwaka kuisha wateja walishapita milioni moja.

Mimi hiyo ndiyo naita utamaduni wa kazi. Ni mazoea ya mwenye madaraka kuona kwa macho yake mtu wa mwisho anafanya nini, halafu kubadilisha mpango wake kwa sababu ya alichokiona. Fulana za kampuni na meza ya mpira zinakuja baadaye.

Bob Collymore aliyemfuata Joseph alifariki tarehe 1 Julai 2019. Aliyeitwa kushikilia nyumba ni Michael Joseph yule yule, mpaka Aprili 2020 Peter Ndegwa alipoingia, Mkenya wa kwanza kuiongoza. Huku kwetu tunaelewa mantiki hiyo. Kabla mgeni hajakabidhiwa funguo, awepo mzee wa kumwambia nyumba ilijengwa vipi.

Sasa msidhani nawapigia debe. Nenda duka lolote la M-Pesa hapa Junda. Anayemsomea bibi meseji, anayeomba kitambulisho, anayehangaika floti ikiisha, si mwajiriwa wa Safaricom. Ni wakala, analipwa kamisheni, na wako zaidi ya laki moja nchini. Utamaduni ule wa 2005 sa hii umebebwa na yeye. Na mwaka 2019 ilikuja Fuliza, yaani mkopo umerudi kwa mlango mwingine. Inasaidia watu, sikatai. Lakini wanaopanga bei zake, wameketi na wakala siku nzima wakaona nani anakopa ili ale? Kampuni kubwa inafaa kuulizwa swali hilo kila mwaka, na ndogo pia.

Najua mtasema watu arobaini hawawezi kula mahamri meza moja. Kweli. Lakini cha kuhifadhi hakikuwa mahamri. Cha kuhifadhi ni kwamba lalamiko la saa mbili lilimfikia mtu wa kulirekebisha kabla ya saa tano. Hilo linawezekana hata mkiwa elfu. Kila mgeni, hata bosi, apokee simu za wateja wiki nzima kabla hajapewa kompyuta. Na anayepokea simu kila siku awe na kiti kwenye mkutano wa maamuzi, si fomu.

Kwa hivyo wewe unayeanzisha kitu na mabeste zako pale maskani, amueni hilo sasa hivi mkiwa wanne. Mkifika arobaini mtakuwa mshachelewa, na mtaishia kununua bango.

Yule dada siku hizi yuko kampuni nyingine. Wateja wetu wa zamani bado wanampigia yeye.