Jipcho Hakuuza Medali

Wazee wa Kakese wanaofuatilia riadha humsimulia Mtanzania Filbert Bayi kana kwamba mbio zake za mita 1,500 za Christchurch, mwaka 1974, zilikwisha jana. Akitajwa Ben Jipcho, Mkenya aliyemaliza wa tatu siku ile, hukumu hubadilika: huyo ndiye aliyeuza medali ya Olimpiki kwa dola. Hukumu hiyo naipinga.

Ya mwanzo yanajulikana. Jipcho alizaliwa Mlima Elgon mwaka 1943. Mexico 1968 alikimbia mzunguko wa kwanza wa fainali ya mita 1,500 kwa sekunde 56 ili kumchosha Mmarekani Jim Ryun, Kipchoge Keino akatwaa dhahabu, yeye akawa wa kumi. Miaka mingi baadaye alimwomba Ryun radhi. Mimi sioni kosa lake. Munich 1972 alipata fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Keino tena. Juni 1973, mjini Helsinki, aliivunja rekodi ya dunia ya mbio hizo mara mbili.

Kisha Christchurch, 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Jipcho alitwaa dhahabu ya viunzi na maji. Akatwaa ya mita 5,000 pia, akimzuia Mwingereza Brendan Foster kwa tofauti ndogo mno hata macho yaliweza kubisha. Februari 2, na miguu iliyobeba mbio zote hizo, akasimama mstarini kwa mita 1,500. Bayi alichomoka tangu mlio wa bastola na hakushikwa: 3:32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand akafuata. Jipcho alimaliza kwa 3:33.2, moja ya kumi tu ya sekunde nyuma ya rekodi ya zamani ya Ryun, iliyodumu tangu 1967. Sijui mwanariadha mwingine wa Afrika Mashariki aliyewahi kukimbia juma zuri kuliko hilo, na Bayi namweka humo.

Kwa sheria za uridhaa, kazi yote hiyo haikupaswa kumpa malipo. Marekani kulikuwa na chama cha wanariadha wa kulipwa, ITA, alichokiasisi Michael O'Hara mwaka 1972, na Keino na Ryun walikuwa wamekwisha kujiunga. Jipcho akawafuata mwaka huohuo wa 1974. Mshindi wa mbio alilipwa dola 500, naye aliweza kukimbia maili moja na maili mbili usiku mmoja, akabeba zawadi mbili. Mtu anayelaumu hilo aseme kwanza familia ya Mlima Elgon ingekula medali kwa mboga gani.

Halafu tuitazame hiyo medali anayodaiwa kuiuza. Olimpiki iliyofuata ilikuwa Montreal 1976. Kenya ilisusia, Tanzania ikasusia, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Bayi, aliyebaki mridhaa, naye hakukimbia Montreal. Jipcho angebaki mridhaa, naye angekaa nyumbani vilevile.

Kama lipo kosa la kumlaumu, ni la kujifungia mlango wa kurudi: ITA ilivunjika mwaka 1976, naye kurudi kwenye uridhaa hakuruhusiwa. Shirikisho la riadha la dunia lilipokubali, mwaka 1982, fedha za wanariadha ziwekwe kwenye mifuko maalumu, Jipcho alikuwa anakaribia miaka 40.