Kazi ya muuguzi msimamizi wakati wa janga

Kila wodi ina muuguzi anayeshika ufunguo wa stoo na kupanga zamu. Kwa jina rasmi ni muuguzi msimamizi, lakini wenzake humwita inchaji. Siku za kawaida wagonjwa hawamjui. Janga likiingia, maswali yote yanaishia kwake.

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 tarehe 13 Machi 2020, siku mbili baada ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kusema ugonjwa huo ni janga la dunia. WHO ilikuwa imeshautenga mwaka huohuo uwe mwaka wa wauguzi na wakunga.

Kupanga zamu

Nani ataingia wodi ya waliotengwa? Huyu ananyonyesha, yule ana kisukari, mwingine anaishi na mama mzee. Inchaji akiwaondoa wote, wachache wanaobaki watachoka. Na muuguzi mmoja akiambukizwa, waliokuwa naye karibu huenda wakawekwa karantini. Pengo hilo lazima lizibwe usiku huohuo.

Kugawa vifaa

Barakoa za N95, glovu na gauni zilipoadimika, inchaji ndiye aliyehesabu na kugawa. Pia alisimamia namna ya kuvivua, maana hapo ndipo mtu hujiambukiza kirahisi: glovu hutangulia, barakoa huja mwisho, kisha kunawa mikono.

Kubanwa katikati

Desemba 2020 wauguzi wa hospitali za umma Kenya waligoma. Walidai vifaa vya kujikinga, bima ya afya na marupurupu ya kazi hatarishi. Inchaji hana uwezo wa kutoa hata kimoja kati ya hivyo, ila ndiye anayeulizwa kila asubuhi. Juu kuna wakubwa wanaotaka wodi iendelee, chini kuna wenzake wenye hofu, na yeye mwenyewe anaogopa kurudi na virusi nyumbani.

Kinachosaidia

Kusema ukweli, hata kama ukweli ni kwamba limebaki boksi moja la barakoa. Kuzungusha zamu ngumu kwa haki, naye akiwemo. Kumpa muuguzi nafasi ya kusema "nimechoka" bila kuonekana mvivu.

Hospitali inayojiandaa kwa janga lijalo imuulize inchaji mapema mambo mawili: anahitaji watu wangapi, na akiugua yeye, nani atashika daftari la zamu?