Kinasa-sauti na Sauti za Wazee wa Kampala

Mwalimu anayetaka kununua kinasa-sauti cha mkononi, ili awahoji wazee au awatengenezee wanafunzi wake vipindi vya podikasti, huuliza kwanza bei. Swali hilo ni halali, hasa tukikumbuka mshahara wa mwalimu. Hata hivyo mji wetu wa Kampala una historia yake katika kazi hii ya kunasa sauti, na twaona yafaa muulizaji aipitie kabla hajashika njia ya dukani.

Chombo cha kwanza kilikuwa kalamu. Sir Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro wa Buganda tangu 1889 hadi 1926, aliwasikiliza wazee, akayaandika masimulizi yao, na kitabu chake juu ya wafalme wa Buganda kikatoka 1901. Maneno ya wazee wale tunayo. Mlio wao hatunao. Hatuwezi kujua mzee alisita wapi wala alicheka wapi. Mashine ya Edison ilikwisha buniwa 1877, na 1906 Mjerumani Karl Weule alikuwa na mashine ya namna hiyo kusini mwa nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika.

Uganda ilipata bahati yake kwa Klaus Wachsmann. Bwana huyu alizaliwa Berlin 1907, akafika Uganda 1937, na kuanzia 1948 hadi 1957 akawa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Uganda. Kati ya 1949 na 1954 alinasa nyimbo, ngoma na ala za muziki za makabila mbalimbali, na jumla ya rekodi zake ni kiasi cha 1,500. Naye Hugh Tracey alikuja kutoka kusini mwa Afrika, akanasa muziki wa ikulu za Buganda, Bunyoro na Ankole mnamo 1950 na 1952. Wakati huohuo, tangu 1952, Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Makerere, ikakaa huko hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huwa twajiuliza Kiswahili cha mitaa ya Kampala cha siku zile kingekuwa na thamani gani kwetu leo, lau kingalinaswa kwa bidii kama ile iliyotumika kwa ngoma.

Thamani ya kazi ile ilidhihirika kwa msiba. Katika ikulu ya Kabaka pale Mengo palikuwa na entenga, yaani ngoma kumi na tano zilizopigwa na watu sita: wanne kwenye ngoma kumi na mbili za sauti, wawili kwenye tatu zilizobaki. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali yaliishambulia ikulu. Kabaka Mutesa II alikimbilia Uingereza, na wapigaji wake wakatawanyika. Mwaka uliofuata falme zikafutwa, zisirudishwe hadi 1993. Katika miaka hiyo yote mkono wa mpigaji ulizeeka bila mwanafunzi. Kilichosalia bila kuzeeka ni sauti iliyonaswa. Rekodi za Wachsmann zilihifadhiwa London, na katika karne hii nakala zake zimerejeshwa Makerere, katika hifadhi ya muziki inayoitwa kwa jina lake.

Sasa tuje kwetu sisi. Tuliwahi kumhoji mzee mmoja wa Kibuli aliyefanya kazi katika reli enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililovunjika 1977. Mzee yule alijua jina la Kiswahili la karibu kila kipande cha garimoshi la mvuke, majina ambayo hatujayaona katika kamusi yoyote. Kinasa-sauti chetu kilikuwa kidogo na rahisi, nasi tulikiacha kijipangie chenyewe kiwango cha sauti. Ikanyesha mvua juu ya mabati. Kila mzee aliponyamaza kuvuta pumzi, chombo kilidhani sauti imefifia, kikaikuza mvua. Aliposema tena, neno la kwanza likazama ndani ya kelele. Na jina la kipande, kwa bahati mbaya, ndilo lililokuwa neno la kwanza. Tuliporudi baada ya miezi minne tulikuta matanga.

Kwa sababu hiyo, chombo tutakachokisifu kwanza ni kile kinachomruhusu mwenyewe kupanga kiwango cha sauti kwa mkono, na chenye tundu la visikizi. Asiyesikiliza wakati wa kunasa atayasikia makosa yake nyumbani. Kiwe na tundu la maikrofoni ya nje, maana maikrofoni ndogo iliyobanwa kwenye kanzu, shubiri moja chini ya kidevu, hushinda maikrofoni ya bei kubwa iliyokaa mezani karibu na feni. Kitumie betri za kawaida zinazouzwa kila duka, kwa kuwa umeme hukatika bila kutuuliza.

Kuhusu aina ya faili, hapa ubahili ni hasara. MP3 hupunguza ukubwa kwa kuitupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi. Wataalamu wa hifadhi za sauti hupendekeza WAV ya biti 24 na kilohezi 48 kuwa kima cha chini. Saa moja ya namna hiyo, kwa njia mbili za sauti, huchukua takriban gigabaiti moja. Kwa njia moja, nusu yake. Kadi ya gigabaiti 32 basi yatosha saa thelathini hivi. MP3 itengenezwe baadaye, kwa ajili ya podikasti tu, na nakala ya asili isiguswe.

Mwanzoni mwa kila mahojiano tunataja tarehe, mahali, jina la mzee na ridhaa yake, kwa sauti, kabla ya swali la kwanza. Jioni ileile faili hunakiliwa mahali pawili, na kadi haifutwi mpaka nakala zote mbili zisikilizwe. Siku za mvua tunakunywa chai, tunazungumza, na kinasa-sauti kinabaki mfukoni.