Kodi Ilipokuwa Kibuyu cha Pombe

Kabla ya Waingereza kupiga kambi Nyeri mwaka 1902, mtu asiye na shamba katika nchi ya Wakikuyu hakuulizwa ana pesa ngapi. Alimwendea mwenye githaka, yaani ardhi ya ukoo, akaomba. Aliyepewa mahali pa kulima tu aliitwa muhoi. Aliyeruhusiwa kulima na kujenga aliitwa muthami. Jomo Kenyatta aliwaeleza wote wawili katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya. Shukrani ilikuwa kibuyu cha pombe ya miwa, na mkono wa kusaidia mwenyeji anapojenga. Tusiusifu mno utaratibu huo: aliyekosana na mwenye ardhi aliweza kuambiwa afunge virago. Ila tarehe tano ya mwezi, siku ya kulipa kodi, haikumnyima mtu usingizi.

Kodi ya mwezi ililetwa na mji. Nyeri, Nanyuki na Meru kila mmoja una mtaa uitwao Majengo, na jina hilo la Kiswahili si la bahati tu: ni nyayo za wapagazi, askari na wafanyabiashara Waislamu waliotangulia kukaa mijini. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, inapangishika chumba kimoja kimoja bila taabu. Reli ilifika Kiganjo, karibu na Nyeri, mwaka 1927 na Nanyuki 1930, na kila stesheni ilileta vibarua na makarani waliohitaji pa kulala.

Wakubwa walikuwa na hesabu nyingine. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alimalizia maisha yake katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan mjini Nyeri. Baada yake aliishi humo Jim Corbett, yule mwindaji wa chui wa India. Chumba kizuri chenye Mlima Kenya dirishani kilikuwapo, kwa mwenye nacho.

Kilichovunja desturi ya muhoi kabisa ni miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Kuanzia 1954 serikali iliwasukuma watu zaidi ya milioni moja wa nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru katika vijiji vya lazima. Mwaka huohuo ukaja mpango wa Swynnerton: mashamba yaunganishwe, yapimwe, yaandikishwe kwa hati. Jina la muhoi halikuwa na safu katika daftari la mashamba hayo. Wako waliobaki katika vijiji vya ukoloni hadi leo. Wako walioteremkia mjini Nyeri, kwenye mitaa kama Kiawara na Witemere, jina ambalo kwa Kikuyu ni kama kusema "jikatie mwenyewe".

Mnamo 1959 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, na baraza la kusikiliza kesi za wapangaji. Baadaye kikawekwa kikomo: nyumba ambayo kodi yake ya kawaida inazidi shilingi 2,500 kwa mwezi haiko chini ya ulinzi huo.

Tangu hapo vyuo vimebadilisha kila kitu. Taasisi ya Kimathi, iliyoanza 1972, ikawa chuo kikuu 2012, kilomita kama sita kutoka Nyeri kwenye barabara ya Mweiga. Karatina, Chuka, Embu na Kutus nako vikaja vyuo vikuu, na mashamba ya kahawa na mahindi yakapandwa ghorofa za bedsita, yaani chumba kimoja chenye jiko na bafu lake. Nanyuki ina wanajeshi na watalii wake.

Mpangaji wa leo hufuata keretaka mwenye fungu la funguo. Anafungulia bomba aone kama maji yanatoka, anapapasa ukuta kama una unyevu, maana ukungu wa Julai hauna huruma, kisha anauliza swali lililo muhimu kuliko rangi ya ukuta: mita ya stima ni yangu peke yangu? Mfuko ukikataa, anasogea mtaa wa pili, mbali kidogo na lami.

Kwa sheria ya 2024 mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, awe amepanga bedsita au chumba cha mbao. Basi Bunge lisiishie kwenye kujenga. Lianze na ile 2,500, ambayo Nyeri ya leo hailipii bedsita nyingi.