Kinyama Kutoka Kwenye Figo

Mara nyingi anayeugundua si daktari. Ni mama anayemwogesha mwanawe jioni. Mkono unapita ubavuni na kukuta kitu kigumu. Mtoto ana miaka mitatu, anachezea povu, wala halalamiki maumivu.

Uvimbe huo wa figo huitwa Wilms, kwa jina la Max Wilms, daktari mpasuaji wa Ujerumani aliyeuchambua katika kitabu chake cha mwaka 1899. Enzi zake tiba ilikuwa kisu peke yake, na watoto wengi walikufa. Leo, katika nchi zenye uwezo, takriban 90 kati ya 100 hupona. Hata hivyo kuna swali ambalo madaktari wamelibishania kwa zaidi ya miaka 50: kabla ya tiba, wachome sindano na kuchukua kinyama cha kupima, au wauache uvimbe ulivyo?

Kwa saratani nyingi, jibu ni rahisi: huanzi dawa kali bila kujua unatibu nini. Lakini uvimbe wa Wilms ni laini na umefunikwa na ganda jembamba. Ukipasuka, chembe zake humwagika tumboni, na mtoto ambaye angetosheka na dawa chache huhitaji mionzi.

Mwaka 1969 Wamarekani walianzisha utafiti wa kitaifa wa ugonjwa huu. Njia yao ilikuwa kuitoa figo kwanza, kisha kuipima yote. Baadaye kanuni zao zilikaza zaidi: mtoto aliyechomwa sindano kabla ya upasuaji huhesabiwa kuwa hatua ya tatu, kana kwamba uvimbe wake umemwagika.

Ulaya ilishika njia nyingine. Katika jaribio lao la kwanza, lililoanza 1971, uvimbe uliopigwa mionzi kabla ya upasuaji ulipasuka mara chache zaidi. Baadaye dawa zikachukua nafasi ya mionzi. Uvimbe ulinywea, na mpasuaji akaukuta mdogo zaidi. Kinyama hakikuchukuliwa, waliamini picha na umri wa mtoto. Gharama ilikuwapo: katika kila watoto 100, mmoja au wawili walionyweshwa sumu ya dawa hizo hawakuwa na saratani kabisa.

Kila upande ulikuwa ukikimbia kosa lake. Marekani iliogopa kutibu isichokijua, Ulaya ikaogopa kumwaga isichoweza kukizoa.

Uingereza ikajaribu kupita katikati. Katika jaribio lake la miaka ya 1991 hadi 2001, watoto walichomwa sindano kwanza. Takriban 12 kati ya 100 walikutwa na kitu kingine, si Wilms. Ni namba ya kutisha kwa yeyote anayetibu kwa kuangalia picha tu. Lakini sindano nayo si hakimu kamili. Kipande chembamba kama uzi kinaweza kuikosa kabisa sehemu mbaya zaidi ya uvimbe, na wengi wa waliochomwa waliambiwa kile ambacho picha ilikuwa imeshasema.

Leo njia ya Ulaya inasema: choma pale mambo yasipolingana. Mtoto amevuka miaka 10, kalsiamu imepanda kwenye damu, au picha inaonyesha kitu kisichofanana na Wilms. Kichanga wa miezi michache kwa kawaida hupasuliwa moja kwa moja, kwa sababu uvimbe wa figo wa umri huo mara nyingi ni wa aina nyingine.

Kwetu swali lina sura nyingine. Mwaka 1958 Denis Burkitt, akiwa Kampala, alichapisha maelezo ya saratani ya taya za watoto ambayo sasa ina jina lake. Saratani hiyo huweza kujaa kwenye figo pia, hukua kwa siku chache, na tiba yake ni dawa. Kuitoa figo hakumsaidii mtoto. Mahali ambapo magonjwa haya mawili yanaishi jirani, sindano nyembamba inaweza kuiokoa figo.

Kwa hiyo mama akiambiwa, “Hatutachukua kinyama kwanza,” asidhani mwanawe amepuuzwa. Huenda ndiyo tahadhari yenyewe. Lakini ana haki ya kuuliza: ni nini kinachowafanya muwe na hakika?